Ilani ya Waliokataa Kukesha



Zama za kukesha zimekwisha.

Tunalitangaza neno hili kwa kila anayeandika programu, kwa kila msimamizi wa kanzidata, kwa kila fundi anayepandisha toleo jipya la mfumo wakati mtaa mzima umelala. Tunalitangaza kwenu mlioko Dar es Salaam na Nairobi, Kampala na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, Unguja na Mombasa. Na kwenu mlioko Muscat, London na Toronto, mnaochunga seva za nyumbani mkiwa ugenini. Kazi ya kubadili kanzidata kwa mkono, kwa kahawa na kwa dua, imefika ukingoni. Hatuiombi iondoke. Tunasoma tanzia yake.

Mnaujua usiku ule, maana wengi wenu mmeupitisha macho makavu. Tangazo limeshatumwa: mfumo hautapatikana kuanzia saa nne usiku. Mezani kuna kompyuta, chupa ya chai, na karatasi nne zilizochapwa zenye hatua 31. Hatua ya 14 inaongeza safu mpya kwenye jedwali la wagonjwa. Hatua ya 15 inaijaza safu hiyo kwa taarifa za zamani. Simu inaita, mkubwa anauliza mmefika wapi. Fundi anajibu, anakata simu, anarudisha macho kwenye karatasi, na kidole chake kinatua kwenye hatua ya 16. Hakuna kengele inayolia. Hakuna taa nyekundu. Saa tisa usiku anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Tumemaliza salama, asanteni." Jumatatu asubuhi, kwenye dirisha la mapokezi, mama amesimama na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, na mhudumu anamwambia kwa upole: "Mama, mfumo haukutambui."

Fundi yule hatumnyooshei kidole. Fundi yule ni sisi. Tumekaa kwenye kiti chake, tumekunywa chai ile iliyopoa, tumeruka hatua ileile. Na kutoka kwenye kiti kile tumejifunza neno moja ambalo ilani hii yote imejengwa juu yake: kanzidata ni kumbukumbu ya wengi. Humo wamo waliozaliwa na waliochanjwa, waliolipa na wanaodai. Kumbukumbu ya wengi haiwezi kuwekwa rehani kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja aliyechoka. Wazee wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali tumeitunza vizuri kwenye majedwali, tukasahau kuweka daftari la jinsi majedwali yenyewe yanavyobadilika. Daftari hilo tunalifungua leo, na kalamu tunaikabidhi kwa mashine, kwa sababu mashine haisinzii.

Tunaamini kwamba kanzidata isiyobadilika ni kaburi. Nchi huzaa mikoa: mwaka 2012 Tanzania ilipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Mgonjwa wa Mbozi hakuhama nyumba yake, lakini mkoa wake ulihama, na kila mstari wenye jina la mkoa wake ulitakiwa kuhama nao. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, iliacha mikoa 8 ikachukua kaunti 47. Huko Tanzania namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ilikuja na tarakimu 20, na safu iliyopimwa kwa kitambulisho kifupi haiwezi kuibeba. Badiliko la mkoa ni la data, badiliko la urefu wa safu ni la umbo, na mara nyingi mabadiliko haya huzaliwa pacha. Huko kote hakuna kosa la mbunifu. Ni maisha yanasonga. Anayejenga mfumo akidhani skima yake ni ya milele ameshona nguo ya mtoto akidhani mtoto hatakua.

Tunaamini kwamba sisi ni warithi wa ahadi ya zamani. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyoweka msingi wa majedwali tunayotumia hadi leo. Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya ukombozi: mtumiaji asilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine. Codd aliikomboa data kutoka kwenye mpangilio wake. Sisi tunaikomboa kutoka kwa usiku ilipopangwa, na kutoka kwa mtu aliyeipanga. Atakayekuja miaka kumi baadaye ajue kila safu ilizaliwa lini, kwa sababu gani na baada ya ipi, bila kumsaka fundi aliyehamia kampuni nyingine na kubadilisha laini ya simu.

Tunaamini kwamba badiliko la kanzidata ni maandishi, na kwamba maandishi hayo hukaa nyumba moja na msimbo unaoyahitaji. Kila badiliko liwe faili lake, lenye namba yake, lisomwe na jicho la pili kabla ya kukubaliwa, lisafiri katika mzigo mmoja na toleo la programu. Ndani ya kanzidata kuwe na jedwali dogo la historia. Mfumo unapowashwa, mashine hulisoma: mabadiliko ya 1 hadi 57 yamekwisha kupita, la 58 na la 59 bado. Hufunga lango ili seva nyingine isianze kazi ileile kwa wakati uleule, huyapitisha yale mawili kwa mpangilio, huandika saa na matokeo, kisha hufungua lango. Kila faili lililopita hubeba alama iliyokokotolewa kutoka kwenye maneno yake. Ukirudi kulichezea, hata kwa herufi moja, alama haitalingana na mashine itagoma. Historia haifutwi kwa kifutio. Ukikosea katika namba 58, unasahihisha katika namba 60.

Tunaamini kwamba visingizio vimekwisha. Ruby on Rails imewazoesha waandishi wa programu kuandika mabadiliko ya skima kama msimbo tangu 2005. Liquibase ikafuata 2006, Flyway 2010, na mwaka 2014 Django 1.7 ikalifanya jambo hilo kuwa sehemu ya mwili wake. Wamezaliwa watoto, wakasoma, wakaingia vyuoni, na bado ziko ofisi zinazosema tutaanza mwakani. Mwakani hiyo imeshapita mara nyingi. Hatuingojei tena.

Tunakataa ushujaa wa usiku. Tunakataa makofi anayopigiwa mtu kwa kuzima moto ambao utaratibu ungeuzuia usiwake. Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliingia sokoni na programu mpya iliyopandishwa kwa mkono kwenye seva zake. Seva moja kati ya nane ilikuwa imesahauliwa. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kulikuwa na seva nane na mkono mmoja, na hapakuwa na mashine ya kuuliza swali la mtoto mdogo: zote ziko sawa? Mashine huhesabu hadi nane bila kuchoka, na ikifika nane huendelea hadi elfu nane bila kulalamika.

Tunakataa kutafuta mchawi. Mfumo ukianguka, swali la kwanza ofisini limekuwa nani amesahau. Kutoka hapo huja kikao, barua ya kujieleza, na ukimya wa wiki nzima ambamo kila mtu anaficha kosa lake dogo lililo karibu kuwa kubwa. Swali letu ni hili: utaratibu gani ulimpa mtu nafasi ya kusahau? Tukilijibu hilo, nafasi inazibwa na hazibwi mdomo mtu.

Tunakataa neno "kwangu inafanya kazi". Inafanya kazi kwako kwa sababu miezi mitatu iliyopita uliongeza safu kwa mkono kwenye kompyuta yako ukasahau kumwambia mtu. Kanzidata ya majaribio nayo ina safu zake za siri, na kanzidata hai ina zake. Mifumo mitatu yenye jina moja na sura tatu! Katika utaratibu mpya kompyuta yako, seva ya majaribio na seva ya kazi hujengwa kutoka faili zilezile, kwa mpangilio uleule, kuanzia namba 1. Badiliko likifanya kazi kwako, lina sababu ya kufanya kazi kote.

Tunakataa usiku mmoja mkubwa, ule wa kuhamisha kila kitu kwa mkupuo na kumwachia Mungu. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia taarifa za mamilioni ya wateja wake kwenye jukwaa jipya katika wikiendi moja. Hadi wateja milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Mkupuo huvutia kwa sababu una mwisho unaoonekana, una sherehe, una keki. Lakini mzigo unaobebwa mara moja ndio unaovunja mgongo.

Tunaamini katika hatua ndogo zinazofuatana: ongeza, hamisha, ondoa. Chukueni mfano wa namba ya simu. Zamani tuliweka safu moja ya simu kwa kila mtu, tukajidanganya. Mtu wa huku ana laini mbili au tatu. Bibi hana simu ila hupigiwa kwa ya mjukuu. Simu moja hubeba ukoo. Sasa tunataka jedwali la simu linalojitegemea. Toleo la kwanza linaongeza jedwali jipya na kuiacha safu ya zamani kama ilivyo, hakuna anayeguswa. Toleo la pili linaandika kote kuwili, kwenye safu ya zamani na kwenye jedwali jipya. Kisha mashine inaanza kuhamisha taarifa za nyuma, mistari 1,000 kwa kila awamu, ikipumua kidogo kati ya awamu ili mhudumu wa dirishani asihisi mzigo, na ikianguka njiani inajua ilipoishia. Toleo la tatu linaanza kusoma kutoka jedwali jipya. Hapo tunahesabu: waliokuwa na simu kule ni wangapi, walio nayo huku ni wangapi? Hesabu zikilingana kwa wiki mbili tatu, toleo la nne linaiondoa safu ya zamani. Safari nzima imechukua mwezi, na hakuna hata dakika moja ambayo mfumo ulifungwa. Nyumba imebadilishwa paa wenyewe wakiwa ndani, na hakuna aliyelowa.

Tunaamini katika adabu ya foleni. Anayeijua PostgreSQL anajua jambo hili: amri ya kubadili jedwali huomba kufuli zito, na ikikuta ripoti ndefu inalisoma jedwali hilo, husubiri, nayo inaposubiri, kila anayekuja nyuma yake husubiri pia. Amri ya sekunde moja inageuka lori bovu katikati ya Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni. Mashine iliyofundwa huomba kufuli kwa sekunde mbili tu; isipolipata hujiondoa barabarani, hupisha watu, hurudi baadaye. Faharasa mpya huijenga pembeni huku watu wakiendelea kuandika. Inajua kwamba tangu toleo la 11 la PostgreSQL, la mwaka 2018, safu mpya yenye thamani moja ya kuanzia huongezwa bila kuandika upya jedwali zima, na kwamba kwenye matoleo ya nyuma jedwali lote liliandikwa upya. Maarifa haya yaliishi kichwani mwa mabingwa wachache, na bingwa akienda likizo nayo yalikwenda likizo. Tunayahamishia kwenye kanuni ambazo mashine huzikagua kila siku, kwa kila faili, la bingwa na la mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Tunakataa uongo wa kitufe cha kurudi nyuma. Yapo mabadiliko yanayorudishika, na ipo safu iliyofutwa pamoja na data yake. Maji yakimwagika hayazoleki. PostgreSQL huweza kufunga mabadiliko ya umbo ndani ya muamala mmoja, yakishindikana katikati yakafutika yote kana kwamba hayakuwapo. MySQL haina hisani hiyo: kila amri ya umbo hujithibitisha papo hapo, na faili lenye amri tano likivunjika kwenye ya tatu, mbili zimeshapita. Asiyeijua tofauti hii asimwahidi mtu kurudi nyuma. Sisi tunaahidi kitu kingine: kufuta kutakuwa hatua ya mwisho siku zote, na kati ya kuongeza na kufuta kutakuwa na siku za kutosha kujuta bila hasara. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu huyo tumemwandalia kiti aje mapema.

Tunakataa nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa. Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, akihangaika na tatizo jingine usiku, alifuta saraka ya kanzidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipozikimbilia njia tano za nakala walizodhani wanazo, walikuta hazifanyi kazi au hazikuwekwa sawasawa. Nakala ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu toleo la zana halikulingana na toleo la kanzidata. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono muda wa saa sita kabla ya hapo. Tunawaheshimu kwa jambo moja: waliyaeleza yote hadharani, ili wengine tujifunze. Nasi tumejifunza. Katika utaratibu wetu mashine itarejesha nakala kila usiku kwenye seva ya pembeni, itapitisha mabadiliko mapya juu yake, itapima muda, na asubuhi itatoa ripoti. Kama lazima pawe na wa kukesha, akeshe asiye na kope.

Tunakataa kujaribia kwenye miili ya watu. Nakala ya kanzidata ya hospitali iliyobebwa kwenye kompyuta ya mkononi, kwa ajili ya majaribio kidogo tu, ni siri za wagonjwa zinazopanda bodaboda. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ikatunga yake 2022. Lakini hata kama sheria zisingekuwapo, aibu ilipaswa kututosha. Nakala ya mazoezi itakaa ndani ya uzio uleule unaoilinda ile ya kweli. Anayeandika programu atafanya kazi na data ya kubuni, yenye majina ya kubuni na matatizo ya kweli: mtu asiye na tarehe ya kuzaliwa, mapacha wenye jina moja, namba ya simu inayoanza na sifuri na ile inayoanza na alama ya kujumlisha.

Tunakataa neno "sisi ni wadogo". Udogo ndio sababu yenyewe. Benki ina kikosi cha wasimamizi wa kanzidata. Hospitali ya wilaya ina seva moja chini ya meza, betri ya kuitegemeza umeme ukikatika, na kijana mmoja wa TEHAMA ambaye pia ndiye fundi wa printa. Hapo ndipo mashine inapohitajika kuliko popote. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa uliowashwa kwa mara ya kwanza Eldoret mwaka 2006, hubeba mabadiliko ya kanzidata yake ndani ya mzigo wake kwa kutumia Liquibase. Toleo jipya linaweza kufika hata kwa flashi. Seva inawashwa, inasoma daftari lake, inajua kama imebaki nyuma hatua mbili au sitini, na inapanda ngazi zote moja baada ya nyingine. Vituo mia moja vilivyoachana njiani vinakutana kileleni. Mfano huo hatuusubiri kutoka ng'ambo. Umo kwenye wodi zetu.

Tunaamini katika Jumanne saa nne asubuhi. Jumanne hiyo inakuja, na tunaiona kama tunavyoviona viganja vyetu. Chai iko mezani, maandazi bado yana moto. Binti aliyeajiriwa wiki iliyopita ameandika badiliko namba 212. Mashine imelikagua na kumrudishia maelezo: faharasa hii ijengwe pembeni, kufuli hili litawazuia watu. Amelirekebisha. Msimamizi wa kanzidata, mwenye miaka ishirini kazini, amelisoma na kumwuliza swali moja gumu kuhusu maana ya data. Habari za koma ameiachia mashine. Usiku uliopita badiliko lilishapitishwa juu ya nakala iliyorejeshwa, na muda wake umeandikwa kwenye ripoti. Binti anabonyeza. Toleo linapanda kwenye seva ya kwanza, linapimwa, linakwenda ya pili, ya tatu, hadi ya nane. Hakuna iliyosahaulika. Hakuna aliyesimama nyuma ya kiti cha mtu. Hakuna dua zaidi ya ile ya asubuhi. Chai haijapoa.

Tunaamini kwamba msimamizi wa kanzidata hanyang'anywi kazi, anarudishiwa. Kubandika amri saa nane usiku hakukuwa kazi ya mtu mwenye akili zake. Kazi yake ni kujua kwa nini malipo mawili yanaonekana kama moja, kwa nini ripoti ya robo mwaka hailingani na ya mwezi, na swali gani taifa litaiuliza kanzidata hii miaka mitano ijayo. Kazi hiyo inataka mtu aliyelala. Mzee wetu huyo tutamkuta mchana, macho meupe, akifundisha.

Tunaamini katika nchi ambazo mifumo yake hutembea na sera zake. Bunge likibadili kiwango cha kodi, kiwango kifike kwenye kila kaunta siku kinapoanza kutumika. Mkoa ukizaliwa, kila jedwali limpokee mtoto kwa jina lake. Chanjo mpya ikiingia kwenye ratiba ya watoto, nafasi yake iwe imefika kwenye kila kituo kabla ya dozi ya kwanza kutoka kwenye jokofu. Na kwenye dirisha lile la mapokezi mama amesimama tena, mtoto amekua, sasa ameshikwa mkono. Mhudumu anaandika namba moja: jina limetokea, chanjo ya mwisho imetokea, tarehe ijayo imetokea. Mama anaondoka. Hatajua kamwe kwamba tangu alipokuja mara ya mwisho kumbukumbu yake imebadilishwa umbo mara arobaini. Kutojua kwake ndiyo medali yetu.

Kwa hiyo tunaazimia. Tangu leo hakuna mkono wetu utakaoigusa kanzidata hai kwa amri ambayo haikuandikwa, haikusomwa na jicho la pili, haikujaribiwa. Wala hatumsubiri mkubwa atoe waraka. Kesho asubuhi, ndugu, ichukueni skima yenu kama ilivyo, na aibu zake zote: majedwali yanayoitwa mpya2, safu ambazo hakuna anayekumbuka ni za nini, faharasa tatu zinazofanya kazi ya moja. Msiisafishe kwanza, usafi wa kungoja ndio uliotuchelewesha. Iandikeni yote kwenye faili, faili lipeni namba 1. Badiliko linalofuata, hata likiwa la safu moja, liwe namba 2. Kisha fungeni mlango wa amri za mkono, na funguo ipeni mashine. Watawacheka, watasema mnajichosha kwa jambo la dakika mbili. Msibishane nao. Wajibuni kwa namba 3, na namba 4, na namba 5, mpaka siku watakapowaomba mwafundishe.

Ilani hii nayo tunaipa namba 1. Hatutarudi kuihariri wala kuifuta. Kama kuna mahali tumekosea, na hatukosi kukosea, namba 2 itasahihisha, na kila atakayekuja ataona tulipoanzia na jinsi tulivyofika.

Makomredi, sasa ni saa nne usiku. Zamani huu ndio ulikuwa wakati wa kuwasha kompyuta. Izimeni. Mashine iko zamu. Twendeni tukalale.